Orodha Nyuma ya Mlango

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa hapa Nakuru, na mzee mmoja mbele yangu akafungua kichupa cha mafuta ya kuchua ili ahakikishe hajauziwa bandia. Harufu ile kali ikanipanda puani na machozi yakanilengalenga palepale. Mhudumu akaniuliza kama naumwa. Siumwi, nikamwambia, nimekumbuka magoti ya baba yangu. Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mwache atazame. Baba ametutoka tangu mvua za masika zilizopita, na kila ninayekutana naye ananiambia nikubali, nikubali, ni mapenzi ya Mungu. Mimi bado sijakubali. Kwetu hatukulelewa kukubali haraka hivyo.

Baba alikuwa kipa. Siku za kazi alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja Doha, anavaa tai na anaitwa Engineer na watu wasiomjua. Lakini Ijumaa alikuwa kipa wa Kwetu, timu ya Wakenya na Waganda waliofika kule kulinda milango, kuendesha mabasi na kubeba mizigo ya wageni hotelini. Mama alikuwa muuguzi. Tulikaa Al Mansoura, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mshonaji, na kwa sababu wenzetu wengi waliishi kwenye kambi za kampuni, watu wanane chumba kimoja, sebule yetu ndiyo iliyokuwa makao makuu ya klabu. Wakristo wakitoka kanisani, Waislamu wakitoka msikitini, wote mwisho wao ulikuwa kwenye zulia letu, viatu vimejazana mlangoni hadi jirani analalamika.

Nyinyi wa rika langu mnaodhani kelele za usajili zimeletwa na simu, hebu ngojeni niwaambie. Kiangazi cha Doha hakuna mpira. Uwanja wetu wa changarawe kule Al Wukair ulikuwa unachoma soli ya kiatu, kwa hiyo kuanzia Juni hadi joto livunjike watu walicheza kwa midomo. Nani aongezwe, nani aachwe, nani amekwisha, nani ameongezeka kitambi. Niliwahi kuona mlinzi na mpishi, marafiki wa damu, wakinuniana wiki tatu nzima kwa ajili ya beki wa kushoto.

Kinara wao alikuwa Anko Wafula. Huyu alikuwa dereva wa basi la kampuni, mtu wa Bungoma, mrefu, sauti kama ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Hakuwahi kupiga mpira hata wa karatasi, lakini ukimsikiliza utadhani wachezaji wote kumi na wanane aliwazaa yeye. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wafanyakazi wapya uwanja wa ndege na kuwapeleka kambini, na basi lile akaligeuza ofisi ya kusaka vipaji.

"Jana nimebeba winga," anaingia anasema, hata hajasalimia.

"Umejuaje ni winga?" Baba anamuuliza.

"Ungemwona alivyolikimbilia begi lake pale linapozunguka! Halafu akageuka na guu la kushoto. La kushoto, bwana!"

Na usajili wetu ulikuwa na mambo yake. Swali la kwanza halikuwa kama mtu anajua mpira. Lilikuwa: Ijumaa yuko ofu? La pili: mkataba wake unaisha lini? La tatu: bosi wake ni mtu wa kusikia? Unaweza kupata beki hodari kuliko wote, lakini kama zamu yake ni ya Ijumaa, huyo ni beki wa watu wengine. Ndiyo maana mabishano yalikuwa marefu. Walikuwa wanapanga timu kwa watu ambao wiki zao zilipangwa na mtu mwingine.

Kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: anayejadiliwa hutoka nje. Watu waseme ukweli bila kuoneana haya. Nyumbani kwetu "nje" ilikuwa jikoni, kwa sababu nje penyewe palikuwa na joto la kuua mtu. Basi ungekuta mshambuliaji amesimama peke yake kando ya jiko letu, amekunja mikono, anajifanya hasikii sebuleni wakisema hana pumzi.

Wakishaamua, wanakwenda kwenye orodha. Ilibandikwa nyuma ya mlango wa sebule, majina kumi na manane, si zaidi. Kamati ya ligi ilitaka idadi hiyo, na kila jina liwe na nakala ya bataka, ile kadi ya ukaazi. Ukitaka kumwingiza mmoja lazima umtoe mmoja. Anko Wafula alikuwa na kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati. Anaichomoa, anachora mstari juu ya jina, anaandika jipya pembeni, watu wanapiga makofi, chapati zinaletwa.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na macho yangu yalikuwa kwenye ile kalamu.

Kwa sababu niliona nilichokiona. Anko Barasa, mlinzi, ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili. Ijumaa moja wakachora mstari juu ya jina lake. Ijumaa iliyofuata akaja na sanduku limefungwa kamba, akatushika mikono mmoja mmoja, akanisugua kichwa, sikumwona tena. Halafu Anko Okello, Mganda mmoja aliyekuwa akicheka hadi anakohoa. Mstari. Wiki mbili baadaye, ndege. Halafu yule kijana aliyekuwa akitupigia kona, ambaye hata jina lake limenitoka. Mstari, ndege. Watatu! Mtoto wa miaka tisa anataka ushahidi gani tena? Hakuna aliyekaa chini akaniambia kwamba mkataba ndio unaokwisha kwanza na jina hufutwa baadaye. Watu wazima walisema tu "ameenda nyumbani", kwa ile sauti ya kufunga mazungumzo. Mimi nikajumlisha mwenyewe: orodha ile ndiyo inayomweka mtu Doha, na Wafula ndiye anayeamua. Alikuwa akiniletea biskuti kila Ijumaa. Nilikula biskuti zake na nikamchukia kimyakimya.

Mechi ya mwisho kabla ya joto, Baba alifungwa matano. La tano lilipita katikati ya miguu yake, tobo la aibu, mbele ya wake za watu. Alirudi nyumbani anachechemea. Tangu siku hiyo, kila jioni Mama alikaa sakafuni na kile kichupa cha mafuta akimchua magoti, nyumba nzima inanuka, na Baba anatazama dari.

"Hili goti limechoka, Baba Watoto," Mama anasema.

"Halijachoka. Limekasirika."

Katikati ya Agosti, Wafula akaingia akiwa ametulia, na hapo nikajua pana jambo. Wafula alitulia tu akiwa na habari kubwa. Alikuwa amembeba kipa. Mganda, anaitwa Kato, miaka ishirini na miwili, mbeba mizigo hotelini, Ijumaa yuko ofu, mkataba mbichi kabisa. "Mikono yake," alisema, akaionyesha tu kwa kutanua yake. Watu wote wakatazama zulia. Baba akainuka, akasema, "Basi mimi naenda kusukuma chapati," akaingia jikoni. Hakungoja kuambiwa.

Nilikuwa nimelala kifudifudi karibu na kochi nachora. Nikaacha kuchora.

"Tusifichane," Wafula akaanza. "Kipa ni ndugu yetu. Nyumba hii ni yake. Chai tunayokunywa ni yake. Lakini magoli matano, jamani?"

"Mabeki walikuwa wapi?" mmoja akafoka. "Walikuwa wanapiga picha?"

"Hata mimi ningefungwa matano na mabeki wale!"

"Wewe ungefungwa kumi, kaa chini."

"Huyu ameanzisha timu! Mnamtema mtu nyumbani kwake, mkila chapati zake? Nyinyi hamna haya?"

Wakavurugana hapo, kila mtu na lake, na mimi moyo ukaanza kutulia kidogo, maana wa kumtetea Baba walikuwa wengi. Halafu Anti Rehema akapiga goti lake kwa kiganja, pa, wakanyamaza. Anti Rehema alikuwa wa Mombasa, anafanya kazi za nyumbani kwa familia moja Al Rayyan, anapata Ijumaa mbili tu kwa mwezi, na akija huja na maneno ya wiki mbili. Ndiye aliyekuwa akinisuka nywele. Nilijua atawafundisha adabu.

"Mimi nampenda Kipa kuliko nyote hapa," akasema. "Wallahi. Nilipougua, yeye na mkewe ndio walionijia. Na kwa sababu nampenda nasema aachwe. Mnamwona anavyopanda ngazi? Mnataka siku moja abebwe kule Al Wukair kwa machela ndiyo mridhike? Aachwe apumzike. Andika Kato."

Sitasahau nilivyojisikia. Yule aliyenisuka asubuhi ileile, mistari bado inanivuta kichwani. Mikono ikaanza kupanda mmoja mmoja, ya shingo upande, lakini ilipanda. Wafula akahesabu. Akavuta pumzi. Akachomoa kalamu.

Sikumbuki nilivyofika mlangoni. Nakumbuka nimeugandamiza kwa mgongo, karatasi inachakarika nyuma ya shingo, mikono nimeitanua kama Baba akingoja penalti.

"Hapiti mtu," nikasema.

Watu wakaanza kutabasamu. Wafula akainama. "Madam, tupishe kidogo. Haya ni mambo ya mpira."

"Sitoki."

"Tutamaliza sasa hivi, halafu nikupe biskuti."

"Sitaki biskuti zako! Mfute mwingine. Jifute wewe!"

"Mimi simo humo, Madam. Mimi ni shabiki tu."

"Ndiyo maana huogopi!" Nilikuwa napiga kelele sasa, kamasi zinanitoka, na wala sikujali. "Ulimfuta Anko Barasa, akaenda. Ukamfuta Anko Okello, akaenda. Sasa unamfuta Baba ili achukuliwe na ndege, mimi nibaki na nani? Mama yuko hospitali kila siku! Nibaki na nani?"

Hakuna aliyecheka. Wakati ule nilidhani nimewashinda kwa sauti, na kwa miaka nilijivunia. Sasa najua ni nini kiliwanyamazisha. Ndani ya sebule ile hapakuwa na mtu ambaye hakuwa akihesabu miezi yake. Kila mmoja alikuwa na mtoto mahali fulani, Busia, Mbale, Kisauni, na mtoto huyo alikuwa amebaki na mtu. Anti Rehema alijifunika mdomo kwa mtandio. Wa kwake watatu walikuwa kwa bibi yao, na wa mwisho alimwacha hajaanza kutembea. Wafula akarudisha kifuniko cha kalamu taratibu, akakaa chini, mtu mzima mrefu vile, akatazama vidole vya miguu yake.

Baba akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Alikuwa amesikia yote, sheria ilikuwa sheria tu ya kujidanganya. Alimwendea Wafula, akanyoosha mkono, akapewa kalamu. Kisha akaja mbele yangu.

"Mami," akasema, "naomba nipite."

Yeye ndiye mwenye jina. Ningemzuiaje? Nikasogea. Akalitafuta jina lake, la kwanza kabisa juu, akalichora mstari kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. Nikapiga ukelele, jirani akagonga ukuta. Akapiga goti mbele yangu, lile lile goti bovu, nikalisikia likilia.

"Niangalie. Nimefutwa?"

Nikautazama ule mstari kwenye karatasi.

"Nishike uso. Nipo ama sipo?"

Nikamshika. Unga ulikuwa kwenye kidevu. "Upo."

"Nani amekuambia kikaratasi hiki cha Wafula kinaweza kunitoa kwako? Ebo! Hiki ni cha mpira, Mami. Barasa aliondoka mkataba ulipokwisha, ndiyo tukamfuta. Kwanza alimaliza mkataba, halafu tukamfuta. Umesikia? Kesho ukiamka njoo uniangalie. Na kesho kutwa. Ukinikosa, njoo umkamate Wafula."

"Aka, mtanikamata mimi tena?" Wafula akasema, na hapo ndipo watu walipopata pa kuchekea, wengine wakijifuta macho. Baba akasimama kwa kushika kitasa, akaandika jina la Kato yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini. Akarudi jikoni chapati zisiungue.

Nilimwangalia kesho yake. Nilimwangalia siku saba mfululizo, kabla hata ya kupiga mswaki, nimesimama mlangoni pa chumba chao natazama kama blanketi linapanda na kushuka. Siku ya nane nikasahau, kama mtoto yeyote. Ligi ilipoanza Baba akawa shabiki, na ninavyomjua, hakuwa shabiki wa kukaa kimya. Kato akifungwa hata goli lisilozuilika, unamsikia Baba kutoka ng'ambo ya uwanja, "Hiyo mimi ningedaka nimekaa!" Yeye na Wafula walisimama bega kwa bega wakigombana kila Ijumaa, na wote wawili hawakuwahi kuwa na furaha kama mwaka ule. Biskuti nazo nikaanza kula kwa moyo mweupe.

Baridi ilikuwa imeingia, ile ya Januari ya kuvaa sweta jioni, Wafula alipokuja siku ambayo si Ijumaa. Alibisha hodi, na yeye hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alisimama mlangoni na viatu vyake miguuni. Kampuni yake ilikuwa imepoteza kazi ya mabasi, akasema, madereva wote wanarudishwa. Tiketi ya Jumapili. Alikuwa ameahidiwa miaka miwili mingine. Nyumba aliyokuwa akijenga Bungoma ilikuwa imefika kwenye linta, bado paa.

"Si ulisema walikuwa wanakusainia?" Baba akamuuliza.

"Walisema watasaini." Akajaribu kucheka. "Kipa, huyo Kato asicheze krosi kwa ngumi. Mwambie adake."

Wakashikana mikono muda mrefu, bila kuachiana. Mama akamfungashia chapati. Wafula akanipita pale nilipokuwa, akanisugua kichwa kama Barasa alivyonisugua, akashuka ngazi, na tukamsikia hatua zake hadi chini.

Baba alifunga mlango wa sebule, akabaki amesimama ameupa mgongo. Nikamwambia asogee. Nikaisoma orodha kuanzia juu hadi chini, majina yote kumi na manane, na yale yaliyochorwa mstari, na yaliyoandikwa pembeni. Nikarudia kutoka chini kwenda juu. Wafula hakuwemo. Hakuwahi kuwemo.

"Nani amemfuta Anko Wafula?" nikauliza.

"Hakuna. Ni kampuni yake, Mami."

"Kampuni ina orodha?"

Akafikiri. "Inayo."

"Imebandikwa wapi?"

"Sijui. Kwenye ofisi fulani. Nyuma ya mlango fulani huko. Sisi hatuoneshwi."

"Na wakati wanamfuta, nani alisimama kwenye huo mlango?"

Baba, mtu aliyekuwa na jibu kwa kila goli, kwa kila refa, kwa kila shabiki, akamtazama Mama. Mama akatazama pembeni.

"Hakuna mtu?" nikauliza.

"Hakuna, Mami."

Nikaenda kuvaa viatu, nikausimamie mlango huo mimi.